Kitendawili Kwenye Redio ya Vita

Kila kiangazi akina mama wa kwaya yetu hutoka pamoja siku moja, na mwaka huu Mama Prudence ndiye aliyechagua mahali. Akachagua makumbusho ya redio za vita, hapa hapa Stockholm. Wengine walinung'unika kwamba vita tumeviona vya kutosha bila kukatiwa tikiti. Mimi sikunung'unika, redio nazipenda. Nikamwomba mjukuu wangu Raïssa, ninayeishi naye mtaa wa Alby, aje atutafsirie, maana Kiswidi changu kinaishia dukani.

Raïssa alikuja, ila hakutaka kuja, na sababu niliijua mimi peke yangu. Arusi yake na Emery ilikuwa imeshatangazwa kanisani, vitenge vya sare vimeshonwa. Siku chache kabla ya hapo aliniambia jikoni, anakoroga sombe, mboga ya majani ya muhogo, huku analia, kwamba haolewi tena.

"Koko, nitamwambia Emery mwenyewe Jumapili. Asisikie kwa mtu mwingine. Niahidi."

Nikaahidi. Sasa mama yake Emery, Léontine, yuko kwaya moja na sisi. Kwenye treni alikaa mbele yetu, anapitisha simu huku na huku ili kila mtu aone viatu alivyonunua kwa ajili ya siku hiyo. Raïssa alisema ni vizuri. Mimi niliangalia dirishani.

Huko makumbusho tulipokewa na kijana Mswidi, Filip, mpole, anayeongea polepole kama anatuhurumia masikio. Alituonyesha mashine zenye vitufe kama taipureta. Akaeleza kwamba wakati wa vita vile vikubwa vya dunia, Wajerumani walipitisha ujumbe wao kwenye nyaya za Sweden, wameuficha kwa mashine, na Waswidi wakaufumbua.

"Anasema mazoea ndiyo yaliyowaponza," Raïssa akatafsiri. "Walikuwa wanarudia mambo yale yale."

"Kama baba Kelly," Mama Prudence akasema. Baba Kelly ni mume wake. "Huyo hata bila mashine namfumbua."

Tulicheka mpaka Filip naye akacheka bila kujua kisa.

Kisha tukafika kwenye redio ya kijani yenye maiki ya kubonyeza, na mimi nikasimama. Ilikuwa foni. Kwetu Uvira, kabla ya simu za mkononi, kulikuwa na chumba cha foni. Unaingia, unawaita ndugu zako walio mbali, unasema yako, unamalizia na "ova", nao wanajibu. Siri haipo. Watu wote wa kwenye foleni wanakusikia, na huko milimani yeyote mwenye redio anakusikia. Basi tulisema kwa mafumbo. Mtoto akizaliwa, kuku ameangua. Askari wakiingia, mvua imeanza kunyesha. Mimi nilisifika kwa hilo. Hata majirani walinituma niwasemee.

Filip akatupangia mchezo. Wengine waende chumba cha pili, wavae hedifoni. Mmoja abaki na maiki, atume ujumbe wasioweza kuufumbua.

"Mwachieni Mama Norbert," Mama Prudence akasema akiwa mlangoni. Mama Norbert ni mimi. "Ila huyu nimemzoea. Ataje yai, ataje kivuli, tutakuwa tumeshajibu kabla hajafunga mdomo."

Lilinichoma, hilo. Nikataka nimshinde. Wakaenda, Raïssa akabaki kando yangu.

Nikabonyeza. "Kitendawili."

"Tega," wakaitikia wote. Niliwasikia kupitia ukuta.

Mpaka hapo ningeweza kutega lolote. Lakini moyoni nilikuwa nimejaa neno moja tu tangu ile siku ya jikoni, na nikajiambia kwamba likivikwa fumbo si kosa. Nikasema kwa sauti yangu ya foni, polepole, kwa raha kabisa:

"Nyumba imejengwa, paa limeezekwa, wageni wamekaribishwa, na mwenye nyumba hataki kuingia. Ova."

Mkono wa Raïssa uliokuwa begani kwangu ukaondoka. Aliniambia kitu kwa Kiswidi, lugha anayoitumia akitaka nisimfikie. Sikuhitaji tafsiri.

Hapo nikaona kosa langu: foleni ya Uvira haikujua mambo ya nyumbani kwangu. Hawa ni watu tunaopika nao sufuria moja.

"Arusi!" Mama Prudence akapiga kelele upande wa pili. "Bibi arusi amekataa! Umeshindwa, Mama Norbert."

Wakacheka. Halafu vicheko vikakatika, kimoja baada ya kingine, maana mwaka huu kanisani kwetu arusi ni moja.

Léontine akatokea mlangoni, hedifoni bado ziko shingoni.

"Mama Norbert. Ni arusi ya nani?"

"Si arusi," nikasema. "Ni kaburi. Nani anataka kuingia kaburini? Prudence amekosa."

Ilikuwa jibu zuri, na nasikia aibu kusema kwamba nililifurahia. Wale waliokuwa nyuma yake wakashusha pumzi, mmoja akanipigia makofi. Léontine mwenyewe akaanza kutabasamu.

"Si kaburi, Mama Emery," Raïssa akasema. "Ni mimi."

Hakuniangalia. Alisimama karibu na Léontine, akamwambia mbele yetu sote kwamba alikuwa amepanga kumwambia Emery kwanza, yeye mwenyewe, na kwamba anamwomba asimwambie Emery kabla yake. Atakwenda Spånga sasa hivi, Emery yuko nyumbani.

Léontine akasogea kando ya mlango kumpisha. "Nenda," akasema.

Nikachukua mkoba wangu. "Twende, nitakusindikiza."

"Hapana, Koko. Umeshanisemea."

Akaondoka. Nikabaki pale na maiki mkononi, na akina mama wakaanza kuangalia vioo vya makumbusho kama watu wanaosoma. Hata Prudence hakunitania. Ningetamani anitanie.

Nikakaa kwenye benchi. Baadaye Léontine akaja akakaa kando yangu, akazima simu yake, akaiweka mapajani pangu.

"Ishike wewe," akasema. "Nikikaa nayo nitampigia mtoto wangu kabla huyo msichana hajafika."

"Mimi, Mama Emery? Baada ya haya?"

"Na nani mwingine? Wewe leo huwezi kunikatalia kitu."

Kweli, sikuweza. Filip akarudi kuendelea na maelezo, akaonyesha waya, akaonyesha taa, na hapakuwa na mtu wa kututafsiria. Nilimsikiliza hivyo hivyo, nimeikumbatia simu ya watu kwa mikono miwili. Kando yangu Léontine alikuwa amevua hedifoni shingoni na anazikunja nyaya zake taratibu, anazikunjua, anazikunja tena.