Abiria wa Udongo

Eliufoo alipostaafu kazi ya kuruhusu treni kwa bendera, alinunua treni ya kuchezea, ya mtumba, sokoni Kwa Sadala. Akaitandikia reli sebuleni kwake Shirimatunda, juu ya ubao uliofunika meza yote ya chakula. Mkewe, Elinipendo, akawa anakula sahani ikiwa mapajani. Alidhani yatapita.

Hayakupita. Stesheni ya Moshi ilijengwa kwa maboksi ya dawa za ng'ombe, ikapakwa rangi. Kisha wakaja watu wenye urefu wa njiti ya kiberiti, waya ndani, udongo nje. Muuza ndizi alipewa mkungu wa sponji. Mchungaji alipewa kola ya karatasi. Mbwa alipewa mkia, ukakatika, akapewa mwingine.

Elinipendo alivaa miwani, akainama.

"Baba Ezra, mimi niko wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumba iko wapi?"

Eliufoo aliutazama ubao. "Iko huku nje."

"Na wewe?"

Akamwonyesha mtu mwenye bendera ya kijani.

"Mbwa yupo," alisema Elinipendo, akaenda kukamua ng'ombe.

Kesho yake Eliufoo alikata pindo la kitenge bila kuomba ruhusa, akamvika mwanamke mpya wa udongo na kumsimamisha karibu na behewa. Alipomaliza, akamwita mkewe.

"Huyu ndiye mimi? Mbona nina sanduku?"

"Abiria lazima awe na mzigo."

"Naenda wapi?"

Hilo hakuwa amelifikiria. "Korogwe," alisema, kwa kuwa shemeji yake, Priska, ameolewa huko.

"Peke yangu?"

"Mimi niko kazini."

Elinipendo aliketi. "Miaka yote uliwaruhusu watu waondoke. Mimi sijapanda treni hata mara moja. Nikiomba twende, uko kazini. Sasa umestaafu, na bado uko kazini."

Ilikuwa kweli, na Eliufoo alijisikia vibaya. Akaanza kusafisha brashi ambayo tayari ilikuwa safi.

Elinipendo alikwenda mwenyewe kukata tiketi. Alikata mbili. Ng'ombe akaachwa kwa jirani yao, Gladness.

Siku ya safari Eliufoo alivaa koti la harusi. Treni ilipoondoka, alibaki amesimama katikati ya behewa, mikono nyuma, akikagua madirisha.

"Shikamoo mzee," alisema mkaguzi wa tiketi. "Kaa tu."

"Marahaba. Niko sawa."

"Baba Ezra," alisema Elinipendo, akipiga kiti kwa kiganja.

Akakaa. Kabla ya kufika Kahe, Elinipendo alikuwa amelala, kichwa begani kwa mumewe. Mkono wa Eliufoo ukafa ganzi. Hakuusogeza.

Mkaguzi alirudi. "Tiketi, mzee."

"Anazo yeye," alinong'ona Eliufoo. "Pitia baadaye."

"Lakini mzee, utaratibu..."

"Naujua. Pitia baadaye."