Sawa ya Saa Kumi

Mkutano wa wakulima wa chai kule Kiptere hauhitaji saa ya ukutani. Ng'ombe wakianza kulia mazizini, ujue saa kumi imefika, na jambo lolote litakaloletwa baada ya hapo litapita bila kupingwa. Mwenyekiti Kipkurui alilijua hilo kuliko sala zake. Mambo mepesi aliyaleta saa nane, watu wakabishana mpaka koo zikawakauka. Mazito aliyaweka mpaka wingu lisimame juu ya kilima na kina mama waanze kujifunga leso.

Ndivyo alivyoileta habari ya kituo cha kupimia majani.

"Gari inakwama kwa matope hapa chini," alisema. "Tupeleke hii kituo juu, karibu na geti yangu, kwa lami. Sawa?"

"Sawa," akajibu Rodah, wa kwanza kabisa, tena kwa sauti. Ng'ombe wake alikuwa amezaa juzi, kiwele kimejaa, na mtu wa maziwa hangoji mtu. Wengine wakaitikia nyuma yake kama kanisani, na kabla tone la kwanza halijaanguka, uwanja ulikuwa mtupu.

Kesho yake, mikono ikiwa kwenye majani, ndipo Rodah alipomkumbuka Yunia Nyabate. Yunia alikuwa jirani yake wa uani, mjane aliyetoka upande wa Kisii na mumewe miaka ishirini iliyopita, wakanunua nusu eka na kuipanda chai kwa mikono yao. Goti lake la kushoto lilikuwa limevimba tangu mwaka jana, na siku ya mkutano alikuwa kwenye foleni ya hospitali. Kituo cha chini kilikuwa karibu na mlango wake. Cha juu kilitaka kupanda mlima mzima. Rodah alijiona mjinga, na hakuwa na wa kumsingizia.

Alikwenda kumwambia mwenyewe. Moyoni aliomba Yunia akasirike, wagombane kidogo, yaishe.

"Mama Arasa, kituo imehamishwa. Imepelekwa juu kwa Kipkurui."

Yunia alikuwa akipepeta wimbi. Ungo ukasimama. "Nani amekubali?"

"Watu wote."

"Watu wote?" Akafikiri kidogo. "Basi sawa." Akaendelea kupepeta.

Hakuguna wala hakununa. Siku ya kupeleka majani aliyagawa katika vikapu viwili vidogo, akapanda na kimoja, akateremka, akapanda na cha pili. Rodah alimbebea siku mbili. Siku ya tatu Yunia alimtangulia makusudi, akamwambia hata yeye Rodah ana mgongo wa kutunza. Wiki zikapita, chai ikaanza kumshinda kuchuma, majani yakakomaa shambani. Karani wa mizani akayashika, akayakunja, akasema ni magumu, ayarudishe. Yunia akasema sawa, akateremka nayo. Jioni hiyo akamwambia Rodah, bila uchungu wowote, kwamba mvua zikiisha atang'oa chai apande nyasi za ng'ombe. Neno ambalo Rodah alilitumia kuufukuza mkutano, mwenzake alilitumia kubebea mzigo. Rodah hakulala vizuri.

Alhamisi wakulima wakakutana tena. Ng'ombe wa kwanza alipolia, Kipkurui akakunja karatasi zake. "Basi tufunge hapo. Sawa?"

Rodah akasimama. Katika mikutano yote ya maisha yake hakuwahi kusema zaidi ya neno moja.

"Mwenyekiti, ile sawa yangu ya siku ile naiondoa. Nilisema kwa sababu ya ng'ombe. Mambo ya kituo sikuwa nimefikiria hata kidogo. Na kuna mama mmoja anaumia."

Mzee Nyagaka akakohoa. "Hata yangu. Ilikuwa ya mvua."

"Mimi nilisikia Mama Nelvine amesema," akasema Chepkosgei akimwonyesha Rodah, "nikajua yeye amefikiria."

Watu wakacheka. Kila mmoja akaitafuta sawa yake, na haikupatikana hata moja ya kituo. Kipkurui akajipangusa uso, akauliza gari litapitaje. Wakamwambia Jumamosi kila nyumba italeta mawe ya barabara, na likikwama watasukuma kama walivyozoea. Ng'ombe wakalia mpaka wakachoka, lakini safari hii hakuna aliyeinuka mpaka kituo kiliporudishwa chini.

Rodah hakupitia hata zizini. Alimkuta Yunia mlangoni, akamweleza yote, na ya ng'ombe pia, bila kujipendelea. Yunia akaketi kizingitini akalia machozi ya wazi, mkono juu ya goti.

"Ilikuwa inaniuma vibaya, Mama Nelvine. Nilikuwa nashuka ile mlima nikishika miti."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ulisema ni watu wote," Yunia akasema. "Na wewe ukiwa ndani yao, sasa ningeambia nani?"