Waliovaa Jina la Kubwiro

Unyoya haulali bila mate. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza aliyofunzwa Pamba, fundi wa makumbusho aliyejaza ndege waliokufa hadi wakaonekana wanataka kuruka. Kanuni hiyo hiyo akamrithisha binti yake: lamba, laza, lamba tena.

Asubuhi hiyo waliletewa sanduku la ngozi za ndege kutoka ng'ambo. Kifuniko kiliandikwa neno moja tu: Kubwiro.

"Ukoo mzima umehamia kwetu," binti akasema.

"Ukoo gani! Huyu wa manjano ndiye kubwiro wetu, mpiga filimbi. Hawa wa rangi ya chungwa wanafuma viota vinavyoning'inia kama vikapu. Si ndugu zake hata wa kambo. Wasafiri waliwaona wamefanana, wakawabandika jina."

"Kumbe jina ni shati, baba. Yeyote anavaa."

"Na hawa wa chungwa walilivaa, wakagoma kulivua!"

Binti akacheka. Baba huyu ndiye aliyewahi kuapa kwamba alimjaza kuku pamba, naye kuku akainuka akataga.

Chini kabisa ya sanduku walilala wawili wenye kichwa cheusi na kifua cha rangi ya kutu. Kubwiro wa kwao naye ana kichwa cheusi, basi Pamba hakutazama mara mbili. Akabaki na mmoja. Wa pili binti akaenda naye kwenye meza ya dirishani.

Pamba akalamba. Uchungu wa shubiri. Dawa ya nondo hiyo, akajisemea, akalamba tena.

Midomo ikaanza kufa ganzi, kana kwamba inamtoka usoni. Alipoigusa, alihisi kama anagusa midomo ya mtu mwingine. Ndipo akakumbuka maneno ya marehemu mwalimu wake: kuna ndege huko visiwani, sumu yake imo kwenye manyoya, na wawindaji hawamshiki. Siku ile Pamba alicheka, akidhani mwalimu naye ni mwongo mwenzake.

Akageukia dirishani. Binti alikuwa ameinamia meza.

"Uhi... uhihahe!" Alitaka kusema usilambe, ulimi ukagoma.

"Leo tunaigiza bata?" binti akauliza bila kugeuka.

Pamba akapiga meza kwa ngumi. Sindano zikaruka.

"Baba, acha utani, utaniharibia ndege."

Binti akainua kifua kile cha kutu kuelekea mdomoni. Pamba akajivuta hadi mezani, akampiga kofi mkononi. Tangu binti azaliwe hakuwahi kumpiga. Ndege akaanguka, pamba ikamtoka tumboni.

Kicheko cha binti kikabaki upande mmoja wa uso. Akajifuta mdomo kwa kiganja, akakitazama kiganja, akajifuta tena.

"Kifua tu ndicho kilichobaki," akasema polepole, maneno yakiburuta. "Mgongo nilishamaliza."

Pamba akamshika mkono, akamvuta kuelekea bombani. Mwanzoni binti alimfuata kwa miguu yake mwenyewe. Kisha mkono ukaanza kuwa mzito.