Ndala za Chini ya Swichi

"Umemaliza?" mume wangu Kipriani aliniuliza akiwa barazani, mimi ndani, mlango wa nondo umefungwa kati yetu.

Sikuwa nimemaliza. Nilimrudia yaleyale: testa yake ya umeme imewaka kwenye skrubu za swichi ya jikoni, sasa imewaka kwenye nondo za mlango huu. Azime meni swichi, iko juu ya kichwa chake. Akakataa. Wanakwaya walikuwa wameshachomeka spika uani, na mzee Nduwayezu alikuwa njiani kuja kuiombea nyumba yetu mpya. Ndiye aliyetuuzia, na ndiye aliyemsimamia Kipriani ubatizo. Kuita fundi leo, alisema, ni kumwita mzee tapeli mbele ya kanisa zima.

"Familia yake imeishi humu miaka yote, Mama Arielle. Nani alikufa?"

"Walikuwa na ndala."

Tulipohamia Kibondo tulikuta ndala kuukuu chini ya swichi ya jikoni. Kipriani alicheka, akasema mzee ametuachia urithi. Mimi nikazitupa stoo. Leo nimepiga deki, nikawasha taa miguu mitupu, mkono ukakakamaa mpaka begani. Ndipo nikaelewa. Hazikusahauliwa. Watu wa nyumba hii walizivaa kwanza, kisha wakawasha taa. Walijua, wakazoea.

Kwetu mgeni huvua viatu mlangoni. Kwaya nzima ingeingia miguu mitupu kwenye sakafu mbichi ya deki, kila mmoja akishika nondo hizi. Na Arielle wangu ndiyo kwanza anajifunza kusimama, hushika chochote. Pa kurudi hatuna. Nyumba ya Kasulu tumeshaiuza, wenyewe wameshahamia.

"Ngoja ibada iishe," Kipriani alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Nakuomba."

Nyuma yangu Arielle alikuwa anakuja, ameshika ukuta.

Nilimbeba, nikamwingiza chumbani, nikafunga mlango wa mbao. Nikazitoa zile ndala stoo, nikazivaa, nikausukuma mlango wa nondo kwa mwiko. Barazani mzee Nduwayezu alikuwa ameshafika, anainama kuvua viatu.

"Baki navyo, mzee," nilimwambia. "Leo tunasali uani."

Aliziangalia ndala miguuni mwangu. Akafunga tena kamba za viatu.

Nikashusha meni swichi. Spika zikanyamaza katikati ya pambio. Nikang'oa fyuzi, nikaisokomeza kwenye sidiria, nikampigia fundi.