Sekstanti Kati ya Mizoga

Fundi alikuwa mtu asiyesifu kazi ya mwingine, na ya kwake aliisifu kwa kunyamaza. Juma lile alinyamaza sana. Alikuwa amemaliza sekstanti ya mkwewe, baharia aliyepangiwa meli ya bahari za barafu, ambako mitambo ikizima, jua na chombo hiki cha kupimia pembe ndivyo humwambia mtu alipo.

Fremu na skrubu zilikuwa za shaba ile ile, ili baridi ikizisinyaza, zisinyae pamoja. Kifundo cha kuzungushia kilikuwa kinene, kishikike kwa glavu. Mdomo wa darubini aliuvisha ngozi, kope zisigandie chuma.

Bintiye, mwenye mimba kubwa, alikizunguka chombo.

"Baba, umekijaribu kwenye baridi?"

"Nimekitengeneza."

"Sijakuuliza hilo."

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekufundisha kushika kijiko."

"Na mimi ndiye nitakayelea peke yangu, meli ikipotea."

Fundi akakitia chombo sandukuni. Wakaenda kwa muuza nyama, mwenye chumba cha kugandishia.

"Shikamoo, Mzee. Nikukatie paja?"

"Marahaba. Naomba nafasi kati ya ng'ombe wako."

Muuza nyama akafungua. Mteja ni mteja.

Chombo kilipokwisha kupoa sawasawa, Fundi alivaa glavu, akasimama katikati ya mizoga, akaielekeza darubini kwenye taa. Akazungusha kifundo. Hakikuzunguka. Akakaza meno. Hakikuzunguka.

"Kimekwama?" akauliza binti.

"Kinatafakari."

"Hata huyu ng'ombe anatafakari hivyo hivyo," alisema muuza nyama.

Fundi alikwisha kuelewa. Maisha yake yote alishindilia skrubu grisi nzito, kwa kuwa katika joto la kwao mafuta mepesi huchuruzika na kuchafua vioo. Mazoea yana taabu: mkono ulipaka bila kuuliza safari ni ya wapi, na baridini grisi ikawa nta. Akaifuta yote, akatia mafuta mepesi, wakarudi kesho yake. Kifundo kikateleza kama ulimi wa mchongezi. Fundi akapima pembe kati ya taa na kulabu, akaipima tena, hata muuza nyama akaomba mlango ufungwe.

Siku ya safari mkwe alifungua sanduku, akanusa.

"Baba, mbona kinanuka nyama?"

Fundi hakuwahi kusema uongo tangu utoto, na kweli hii ilikuwa na mfupa.

"Mkeo alikikagua kwa muuza nyama, kwenye baridi. Mimi nilikosea, yeye akaona. Kazi yake ni nzuri."

Binti akamgusa baba yake paji la uso, kuona kama ana homa.