Miguu ya Wifi

Mwoka mikate alifika kabla ya wote kwenye ukumbi wa jiujitsu, ule mchezo wa kupigana mieleka chini, akafagia mkeka ambao ulikuwa umeshafagiwa. Leo wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa anarudi mazoezini, na kocha alishatamka mbele ya watu kwamba wawili hao watacheza pamoja. Kocha yule naye ana mambo!

Maana goti la wifi liliumizwa na nani, kama si mwoka mikate mwenyewe? Siku hiyo wifi alikuwa amelala chali, yeye amesimama, anatafuta njia ya kuipita miguu yake. Pupa ikamponza. Akajirusha kwa pembeni na uzito wake wote, nyonga ikatua juu ya goti, goti likaalika kama kijiti kikavu, ukumbi mzima ukasikia. Na wifi ni fundi umeme, mkate wake uko juu ya ngazi! Akapasuliwa goti, akakaa nyumbani miezi na magongo yake. Kaka mtu akawa anampokea dada yake mlangoni kwa roho upande. Ugomvi haukuwepo, lakini ule utani wao wa zamani ulikufa kabisa. Sasa goti likigoma tena leo, wifi hataacha jiujitsu tu. Ataachana na yeye pia, na nani atamlaumu?

"Miguu!" kocha alipaza sauti walipoanza. "Gadi ya wazi, kujilinda kwa miguu ukiwa chali, si kulala usingizi! Hujamfunga mwenzako kiunoni kwa miguu, kwa hiyo nyayo zako ndizo ukuta, ndizo macho. Kila mguu uwe na kazi, kila mkono ushike kitu. Ukizubaa, umepitwa."

Wifi akalala chali. Akaweka nyayo kwenye nyonga za mwoka mikate, mkono mmoja ukakamata ukosi wa koti lake, wa pili ukashika mkono wa koti. Goti lenye kovu likawa pale pale, chini ya pua ya mwenzake. Mwoka mikate akasukuma kidogo, akazunguka kushoto taratibu kama anayebeba mayai. Wifi akavuta. Yeye akajiangusha mwenyewe, pu!

"Loo, umenipata!"

Wifi hakucheka. "Simama."

Wakarudia. Akaanguka tena, upesi kuliko mara ya kwanza.

"Wifi, unaniona mtoto?" aliuliza yule aliyelala chali.

"Kwa nini tena jamani?"

"Nyayo zangu ziko kwenye nyonga zako. Nasikia uzito wako ulipo, na leo haupo. Umeuacha nyumbani?"

Mwoka mikate alitaka kutia utani, yakamtoka mengine. "Naogopa, wifi. Nikikaa kimya tu nalisikia lile goti. Naogopa kukuumiza tena."

"Sikiliza. Daktari kaniruhusu. Ngazi napanda. Kaka yako kanuna weee, mpaka kachoka. Lakini mimi sijui kama goti litamvumilia mtu anayesukuma kweli, na nimekuja hapa kujua hilo tu. Ukinidanganya nitajuaje? Nitarudi nyumbani na woga wangu vilevile. Sukuma, mwanamke!"

Kumbe na yeye anaogopa! Mwoka mikate akasukuma. Safari hii alisukuma hasa. Akakamata suruali ya wifi magotini, akaitupa miguu upande, akakimbilia pembeni, upande uleule wa siku ile. Lakini wifi alishageuza kiuno. Muundi wake ukaingia katikati yao, wayo ukanasa chini ya paja, na mguu uleule wenye kovu ukanyanyua mzigo wote. Mwoka mikate akaona dari. Mgongo ukatua, pumzi ikamtoka, na wifi akawa amemkalia kifuani.

Goti halikualika. Halikutoa hata sauti.

"Limekubali!" wifi alipiga kelele, meno yote nje. "Kocha, umeona? Limekubali!"

Mwoka mikate hakuinuka. Machozi yalimtiririkia masikioni huku akicheka. Kifua kilikuwa chepesi, ingawa mtu mzima alikuwa amekikalia.

Wifi akaacha kucheka, akamwinamia. "Wifi, umeumia?"

Miezi yote ile hakuna aliyemuuliza swali hilo. Mwoka mikate akafungua mdomo aseme hapana, akashindwa. Akaitikia kwa kichwa tu, na wifi akamkumbatia palepale chini, jasho kwa jasho.