Mayai Baridi

Miezi mitatu ilikuwa inakatika, na kuku wanane wa Nesi hawakuwa wametoa hata yai moja. Kula walikula, hapo hawakuwa na mchezo. Waligombania majani ya kabichi kama wapangaji kwenye bomba la maji, wakaoga vumbi, wakalala wameshiba. Lakini viota, ambavyo Nesi alivitandika nyasi kavu kwa ustadi uleule wa kutandika vitanda vya wodini, vilibaki vitupu.

Alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika wodi ya wazazi. "Wanawake wote wale nimewazalisha," alimlalamikia jirani, "leo nishindwe na kuku?"

Akampigia simu mfugaji aliyemuuzia. Yule bwana alikuwa ameapa kwamba ni matetea machanga, wiki mbili tu wangeanza kutaga.

"Mama, kuku wangu wanataga," alijibu, hata hakushtuka. "Hebu chunguza vizuri hapo kwako. Nani anafika bandani kabla yako?"

Simu ikakatika, lakini neno likabaki. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu: Nesi na dada yake mkubwa, aliyekuja kuuguza goti baada ya kupasuliwa. Alikuja mwezi uleule walipokuja kuku. Na mara tatu kwa wiki, Nesi alipokwenda kushika zamu ya asubuhi katika zahanati ya mtaani, dada yake alibaki nyumbani peke yake.

Nesi akakumbuka kopo la maziwa ya unga utotoni mwao, lililokwisha kijiko kwa kijiko. Akakumbuka pia kwamba aliyechapwa ni yeye.

"Dada, leo umekunywa chai na nini?" aliuliza siku hiyo aliporudi kutoka zamu.

"Na mkate."

"Mkate mtupu?"

"Na siagi. Kwani vipi?"

"Aa, nauliza tu."

Dada yake alipokwenda kuoga, Nesi alinusa kikaango. Kilinuka sabuni. Mbona kimeoshwa mapema hivi? Akatoka nyuma, akapekua ndoo ya taka kwa kijiti akitafuta maganda. Hakupata. Basi mtu huyu ni mjanja, aliwaza, anayafukia.

Siku ya zamu iliyofuata alinyunyiza unga mbele ya mlango wa banda kabla ya kuondoka. Aliporudi alikuta nyayo za kuku, nyayo za kandambili, na kando yake vitobo vya duara vya fimbo.

"Ulikwenda bandani, dada?"

"Nilikwenda kuwapa maji. Ulitaka wafe kwa kiu?"

Ni kweli chombo cha maji kilikuwa kimejaa pomoni. Hilo nalo Nesi hakulipenda. Mwenye jambo lake hakosi kisingizio.

Jumatatu akakuta yai. Alilishika kwa mikono miwili, karibu apige kelele. Jumanne likawepo jingine, na Jumatano la tatu.

"Unaona sasa?" dada yake alisema. "Walikuwa wanakupima tu."

Lakini yai la Jumatano lilikuwa na kasoro. Nesi alilichukua mara tu kuku mmoja alipoingia kiotani na kutoka. Akaliweka shavuni. Lilikuwa baridi kama kijiko. Nesi alijua fika kwamba kitu kinachotoka tumboni hutoka na joto lake. Tena lilikuwa safi mno, halina hata unyoya. Usiku mzima akili ikamzunguka: dada yake anakula mayai mapya ya siku ile, kisha anamwachia la juzi ili kumfumba macho!

Alhamisi asubuhi alivaa sare yake, akaaga, akazunguka nyumba kwa nje na kurudi kwa mlango wa uani. Akajibanza nyuma ya tangi la maji.

Haukupita muda, dada yake akatoka, goti limekaza, fimbo mkononi. Alisimama mlangoni mwa banda akivuta pumzi. Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa gauni, akatoa yai. Akalipangusa, akainama polepole, uso umemkunjamana kwa maumivu, akaliweka kiotani.

"Haya, na nyie jitahidini basi," aliwaambia kuku. "Mnaniponza."

Nesi akatoka mafichoni. "Dada."

Dada yake aligeuka, asishtuke sana.

"Umelitoa wapi hilo?"

"Dukani, pale kona."

"Kwa goti hilo? Na mitaro yote ile? Kwa nini?"

"Umenusa kikaango changu, mdogo wangu. Nilirudi kuchukua taulo, nikakuona. Ukapekua taka, ukanimwagia unga kama panya. Nikasema, bora mayai yawepo, nikae kwa amani mpaka goti lipone."

Nesi alikuwa amewapa watu wengi habari mbaya bila sauti kumtetemeka. Sasa alipata neno moja tu. "Nisamehe," alisema.

"Nitakusamehe. Lakini leo usinidai tabasamu."

Nesi hakwenda kazini siku hiyo. Alimwita daktari wa mifugo, ambaye alimshika kuku mmoja, akamtazama miguu yenye magamba magumu ya uzee, akamwonyesha Nesi mdomo uliokatwa ncha.

"Hawa ni wa mashamba makubwa, wameshamaliza kazi yao," alisema. "Wamestaafu kama wewe. Umeuziwa vikongwe."

Nesi akampigia mfugaji. Simu haikupatikana, wala haikupatikana tena.

Dada yake alikaa wiki mbili zaidi. Alikuwa mpole, alisema asante kwa kila kikombe cha chai, na huo uungwana ulimuumiza Nesi kuliko matusi. Alipoweza kupanda ngazi bila fimbo, alifunga mkoba wake akarudi kwake.

Kuku wale Nesi hakuwachinja. Kila Jumapili alimpigia dada yake. Simu ya kwanza haikupokewa. Ya pili walizungumza habari za goti tu. Jumapili ya tatu, baada ya salamu, dada yake akauliza, "Na wale vikongwe wako, hawajambo?"

Nesi akavuta kiti, akakaa kitako, akaanza kumsimulia, kuku mmoja mmoja.